Mjadala: Je, "kidogo hakidhuru" ni kweli hata kwa vumbi la Lubumbashi?

Mama wa Katuba (anafungua mjadala)
Jumapili tulizungumza kwenye avenyu yetu, hapa Lubumbashi, mji wa madini wa Kongo, juu ya vumbi la madini. Mzee mmoja akamaliza maneno yote: "Sisi tumekulia chini ya moshi wa kiwanda, na bado tunakula bukari. Kidogo hakidhuru." Watu wakaitikia, wakatawanyika. Mimi nimelala na neno hilo siku tatu, linanikataa. Semeni, hasa ninyi mnaofanya kazi ya madini.

Msimamo wangu ni huu. Nikitia chumvi kwenye sombe, mkono wangu ndio unaopima. Vumbi linaloingia dirishani wakati wa kiangazi hakuna anayelipima, na mtoto anayetambaa analila kwa vidole. Sasa hicho "kidogo" ni kidogo cha nani?

Papa wa Ruashi
Mama, kwa heshima, usitutie hofu. Paracelsus, tabibu wa zamani wa Ulaya, alishaandika mwaka 1538 kwamba kiasi ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu. Shaba yenyewe mwili unaihitaji. Kobalti imo ndani ya vitamini B12. Floridi kidogo hulinda meno, ikizidi, kama kwa ndugu zetu wa karibu na volkano ya Nyiragongo, meno huingia madoa. Tena kuna jambo wanasayansi wanaliita homesisi: Hugo Schulz wa Ujerumani, miaka ya 1880, aliona chachu iliyotiwa sumu kidogo sana inachacha kwa nguvu zaidi. Kiumbe kikiguswa kidogo hujikaza. Tazameni ua letu la shaba, Haumaniastrum katangense, linavyostawi penye udongo uliojaa shaba! Na mama zetu wanaolima mboga ya lengalenga, tukitangaza kwamba udongo wote ni sumu, watoto wao watakula nini?

Muuguzi wa Kampemba
Papa, la mama wa lengalenga linaniuma hata mimi. Lakini usiweke metali zote katika kapu moja. Shaba ina kazi mwilini. Risasi, ile metali (plomb), haina kazi hata moja. Kule Marekani, mwaka 1985, mtoto alihesabiwa kuwa na risasi nyingi akifikisha maikrogramu 25 kwa desilita ya damu. Mwaka 1991 wakashuka hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, mwaka 2021 hadi 3.5. Damu ya watoto ni ileile, ila walivyozidi kuchunguza ndivyo walivyoona akili ikipungua hata kwa kile walichokiita kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Inakaa mifupani miaka mingi, na mama akibeba mimba inaweza kutoka humo ikamfikia mtoto.

Mama wa Katuba
Asante, muuguzi. Papa, ua la shaba halikuzoea kwa msimu mmoja. Mbegu zisizoweza udongo ule zilikufa, zikabaki zilizoweza, kizazi baada ya kizazi. Nani kati yetu atakubali wanawe wawe zile zilizokufa? Yule mzee wa Jumapili anawahesabu waliosimama naye pale barabarani. Waliozikwa hawakuitwa.

Na kuna utafiti uliofanyika hapahapa Lubumbashi, ukachapishwa mwaka 2020. Ulilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na waliozaliwa bila kasoro. Kilichojitokeza kwa nguvu ni kazi ya baba: kasoro zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi za madini. Hautuambii ni metali ipi, wala kwa njia gani. Lakini unanitosha kuomba mambo mawili: watoto wa mitaa ya karibu na viwanda wapimwe damu, na nguo za kazi zifuliwe hukohuko kazini, zisiingie nyumbani.

Papa wa Ruashi
Kuhusu chachu bado sijashindwa, nitarudi kuijibu. Lakini hizo nguo, Mama, umenigusa. Zangu mke wangu anazifua katika beseni moja na za watoto, miaka yote hii. Leo zimebaki nje, nimemwambia asiziguse.