Nyoka weupe wa kufugwa Lubumbashi: tuwaruhusu wazalishwe na kuuzwa?

Mwanzisha mada, Katuba

Ndugu zangu, naomba tujadiliane bila kutukanana. Kijana wa parseli ya jirani amerudi kutoka Johannesburg na nyoka wawili ndani ya ndoo ya plastiki aliyoitoboa kwa msumari. Anataka kuwazalisha na kuuza watoto wao hapa mjini. Mimi nafundisha biolojia ya sekondari, na kwa maoni yangu asiruhusiwe. Nieleze sababu, kisha mnipinge.

Jumamosi alinifunulia ile ndoo. Dume ana rangi ya chokoleti na pete nyeupe tangu shingoni hadi mkiani. Jike hana weusi hata tone: mwili wa waridi uliofifia, pete za rangi ya maziwa, macho kama pera lililokatwa. Nilimshika. Ni mkavu, mlaini, akajizungusha mkononi polepole huku ulimi ukionja hewa. Nakiri ni kiumbe mzuri mno.

Ni nyoka wa California, wa jamii ya Lampropeltis, ambao Wamarekani wanawaita kingsnake, yaani nyoka-mfalme. Msimchanganye na kobra. Huyu hana sumu. Ufalme wake ni kwamba anakula nyoka wenzake, hata wale wa Marekani wenye njuga mkiani, na sumu yao haimwangushi kirahisi.

Weupe wa jike unatokana na jeni moja iliyoharibika, mwili ukashindwa kutengeneza melanini, yaani ile rangi nyeusi ya ngozi. Jeni hiyo hujificha: mtoto akiirithi kwa mzazi mmoja tu, anatoka na rangi ya kawaida lakini ameibeba. Wabebaji wawili wakikutana, kwa wastani yai moja katika kila manne hutoa mweupe. Na hapa ndipo shida yangu inapoanzia. Mfugaji akipata mweupe mmoja, njia ya haraka ya kupata wengine ni kumpandisha na wanawe mwenyewe. Bei ya rangi inamsukuma baba juu ya binti, kizazi baada ya kizazi, na madhaifu mengine yaliyojificha yanapata nafasi ya kukutana.

Mwenye nyoka, Katuba

Jambo Mwalimu. Umesema vizuri, ila hukusema yote. Hawa hawakukamatwa porini. Wazazi wao walizaliwa ndani ya masanduku, na babu zao pia. Nchi yetu inatoa vinyonga na nyoka wa misituni kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, wengi wanafia njiani, na hakuna anayeanzisha mjadala. Nikizalisha nyumbani, ni nani nimemwibia?

Tena hapa mjini kila nyoka anauawa kwa fimbo, awe na sumu au asiwe nayo. Mtoto aliyemshika wangu hataogopa ovyo. Panya mmoja kwa wiki unamtosha. Na mkisema atatoroka: nyoka mweupe ataonekana na mwewe siku hiyohiyo, na baridi ya mwezi wa saba itamaliza kazi. Vijana hatuna ajira, Mwalimu. Tuacheni tujaribu.

Mchoraji, Kamalondo

Mimi nilichora mamba muntu miaka mingi: mwanamke nusu samaki, saa mkononi, nyoka pembeni yake. Watu waliitundika sebuleni kwa sababu ni picha ya utajiri wenye siri. Mdogo wangu, ukimtoa nyoka mweupe aliye hai, nani atakuuliza habari za jeni? Watakuuliza anatapika dola saa ngapi.

Mama, Kampemba

Nimesoma nikaogopa. Mwanangu wa pili ana ualbino. Sokoni watu wamewahi kumgusa nywele bila kuniomba, wakisema wanatafuta bahati. Nyoka huyo akianza kuitwa wa bahati kwa sababu ya ngozi yake, maneno hayo hayataishia kwenye ndoo. Simchukii kijana. Namwomba afikirie kabla ya kutundika picha na bei.

Mwanzisha mada, Katuba

Mama, asante. Ulichosema ni kizito kuliko nilichoandika mimi, nami sikuwa nimekifikiria. Darasani nafundisha kwamba ualbino wa mtu na wa nyoka ni habari ya melanini tu, hauna bahati wala mkosi ndani yake. Nyoka mweupe akiuzwa kwa mnong'ono wa utajiri, mnong'ono huo unabomoa somo langu, na anayeumia ni mtoto wako.

Mdogo wangu, nawe nikupe haki yako. Kuzalisha nyumbani ni afadhali kuliko kukomba msitu, na fimbo zetu zinaua nyoka wasio na kosa. Hayo sibishani nawe. Ila kuhusu kutoroka, umekosea, na mfano upo.

Gran Canaria ni kisiwa cha Hispania katika Atlantiki. Nyoka hawahawa wa California walifika huko kama wanyama wa kufugwa, wakatoroka au wakaachwa, na mwaka 1998 wakaanza kuonekana porini. Leo wameenea. Kisiwa kina mjusi mkubwa asiyepatikana kwa asili mahali pengine duniani, Gallotia stehlini, naye hakuzoea kuwindwa na nyoka. Sehemu walizovamia, mijusi hao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Na miongoni mwa nyoka wanaokamatwa huko wamo weupe! Mwewe hakuwamaliza, kwa sababu muda mwingi wanaishi chini ya ardhi, mahali ambapo rangi haimsaliti mtu. Serikali imewawinda kwa mitego na kwa mikono miaka na miaka, bado wapo. Sisemi Katanga ni kisiwa. Sisi tuna nyoka wengi na ndege wengi wa kuwala. Lakini hoja yako ya mwewe imeshajaribiwa, ikashindwa.

Baridi nayo haikusaidii. Kwao California kuna majira ya baridi, wanajificha mashimoni na kutoka joto likirudi. Wafugaji wengine huwapoza makusudi miezi miwili mitatu ili wapandane vizuri. Mwezi wa saba wa Lubumbashi utamfanya alale, kisha aamke akitafuta mwenzake.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira, naye amezalishwa kwa rangi nyingi mno. Rangi yake moja iitwayo spider inakuja na kichwa kinachotetemeka: nyoka anayumba, wengine wanapinduka na kukosa windo. Shida imeungana na rangi yenyewe, huwezi kupata moja bila nyingine. Wafugaji waliijua, wakaendelea kuuza, maana wanunuzi walipenda ile michoro. Jike wako hana tatizo hilo, na weupe wake peke yake haumsumbui sana ndani ya sanduku. Lakini ukishaingia kwenye biashara ambayo bei inaongozwa na rangi, na kesho mteja akataka rangi iliyo na kilema, utamwambia hapana?

Pendekezo langu: jike aende kwa wataalamu wa mifugo wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, nao wakikubali, wanafunzi wetu wamwone bure na kuelezwa rangi ile inatoka wapi. Dume asikae naye kabisa. Nyoka wa jinsia moja akitoroka, tumepoteza nyoka mmoja tu.

Ukikataa pendekezo hilo, basi nijibu hili hapa mbele ya wote. Jumamosi uliniambia dume naye ni mbebaji wa jeni ya weupe. Ukimpandisha na jike mweupe, nusu ya watoto watatoka weupe. Tuseme mayai ni manane: wanne utawauza. Wale wanne wa chokoleti, ambao hakuna Mlushois, mtu wa Lubumbashi, atakayetoa hata franga kwa ajili yao, utawalisha panya kila wiki, umeme ukikatwa au usikatwe, kwa miaka 15 au 20 wanayoweza kuishi? Au utawapeleka wapi?