Nilisahau shairi jukwaani hapa Kisumu, nisaidieni kabla sijarudi

BintiWaNyalenda
Hamjambo wadau. Nina miaka 22, naishi Nyalenda. Mashairi nimeandika tangu sekondari, lakini kuyasema mbele za watu nimeanza mwaka huu tu. Wiki mbili zilizopita nilipanda jukwaani kwenye jioni ya mashairi mkahawani. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, nilipofika pale mama anapoanika omena (dagaa wa ziwani), maneno yakapotea kabisa. Nikasema "samahani," nikaanza upya, nikapotea palepale. Kuna mtu alicheka. Au alikohoa, lakini mimi nilisikia kicheko. Nikashuka.

Nimeitwa tena mwisho wa mwezi, nina dakika tatu. Kinachonishangaza ni kwamba nyumbani shairi nalijua kama jina langu. Usiku kitandani nalisema lote nikiwa nimefumba macho. Mbona jukwaani linikimbie? Tena mikono sijui niiweke wapi, na rafiki yangu aliyenirekodi anasema nilikuwa kama nasoma taarifa ya habari. Halafu kuna mstari mmoja hunikata pumzi kila mara:

*Na lile gugu maji lililolifunika ziwa letu lililokuwa likitulisha sisi na waliotutangulia.*

Jamaa_wa_Kondele
Wacha kujisumbua, beba simu usome. Nani atajua?

MwalimuMstaafu_Bungoma
Watajua wote, kijana. Taa ya simu itammulika kidevuni na macho yatakuwa chini muda wote.

Binti yangu, nimefundisha watoto kughani mashairi ya tamasha za shule miaka mingi, na jibu lako umelitoa mwenyewe: kitandani, macho yamefumbwa. Mwili wako umelijua shairi ukiwa umelala. Ukisimama mbele ya watu, taa usoni, moyo mbio, mwili hauna habari nalo. Kuanzia leo usiliseme tena ukiwa umelala. Liseme ukiosha vyombo, ukipanda ngazi, ndani ya matatu yenye muziki wa kelele. Na ujifunze kutoka mwisho: ubeti wa mwisho kwanza, halafu wa tatu na wa mwisho, halafu wa pili na kuendelea. Wengi hujua mwanzo sana kwa sababu ndio wanaourudia, kisha kila hatua wanaingia mahali wasipopazoea. Wewe utakuwa unaelekea unakopajua zaidi.

Tena usishike maneno, shika njia. Kama shairi linamfuata mama kutoka ufuko wa Dunga hadi soko la Jubilee, basi mfuate. Maneno yakipotea, jiulize mama amefika wapi.

FundiSpika_Nakuru
Mimi nafunga mitambo ya sauti, harusi na mikutano, kwa hivyo nitasema upande wangu tu. Dada, maikrofoni iwe mbali na mdomo kiasi cha ngumi moja. Igeuze kidogo pembeni, usiielekeze mdomoni moja kwa moja, maana herufi P na B hutoa upepo na spika itapiga "puu" watu waruke. Ukinong'ona sogea, ukipaza sauti rudi nusu hatua. Ukiishika mkononi shika mpini, usifunike kichwa kwa kiganja kama wanavyofanya warapa. Ndipo inapoanza kupiga mluzi. Na tafadhali, usiipulize wala kuigonga. Fika mapema, mwombe fundi useme mistari miwili.

Shangazi_Kakamega
Mdogo wangu, pole kwa jioni ile. Maana ya huo mstari wako haina kosa. Umeuandikia macho. Hebu hesabu hizo "lili" zote! Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Ukate:

*Gugu limelala juu ya ziwa.*
*Ziwa lililotulisha.*
*Lililowalisha babu zetu.*
*Gugu limelala.*

Kila nukta ni pumzi. Malenga wa zamani walilijua hili. Mizani minane, yaani silabi nane, kituo, mizani minane. Hawakuwa wanahesabu kwa mapambo tu, ni kiasi ambacho kifua kimoja kinabeba bila taabu.

Kuhusu taarifa ya habari: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi wanaoanza hushusha kila mstari kwa namna ileile na kuimeza irabu ya mwisho. Imalize irabu. Na pale penye uchungu zaidi, teremsha sauti badala ya kuipandisha, ukumbi utainama kukusikiliza. Mikono iache ining'inie hadi iwe na kazi. Usiseme "samahani" tena, maana hakuna aliye na karatasi yako. Ukipotea, nyamaza, vuta pumzi, rudia mstari wa mwisho uliousema. Watadhani ni kibwagizo.

Dakika tatu ni desturi iliyotokana na slam, mashindano ya kusema mashairi jukwaani yaliyoanzia Chicago miaka ya 1980, ambako ukizidi kwa zaidi ya sekunde 10 unakatwa alama. Hata kama huko kwenu hakuna majaji, andaa dakika mbili na nusu. Kimya nacho hula muda.

JaSiaya
Kimya hicho sisi Waluo tunakijua kwenye pakruok, desturi yetu ya kujisifu katikati ya muziki. Mtu anamtuza mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi, nyuzi zinasimama, anajisifu yeye na ukoo wake na rafiki zake, watu wote wanangoja, kisha nyuzi zinarudi. Hakuna anayeharakisha. Nenda ukawasikilize wazee.

BintiWaNyalenda
Asanteni sana, na asante mwalimu. Jana nimetembea hadi Dunga nikilisema kwa sauti. Watoto wawili walinifuata wakidhani nina wazimu. Gugu limelala linatoka vizuri sana sasa. Lakini pale kwa omena bado napotea! Mara tatu kati ya tano.

MwalimuMstaafu_Bungoma
Tuandikie mstari wenyewe.

BintiWaNyalenda
*Mama anika omena, huku aimba kwa raha.*

MwalimuMstaafu_Bungoma
Na huwa anaimba?

BintiWaNyalenda
Mwalimu, hapana. Nilitafuta kina cha -aha. Mama akianika haimbi hata kidogo. Anawafukuza kunguru kwa leso, anawatukana kwa Kijaluo.

Shangazi_Kakamega
Hahaha! Basi ulikuwa unamfuata mama, unafika hapo humkuti.

BintiWaNyalenda
Nimebadilisha: *Mama haimbi. Mama ana leso mkononi na kunguru kumi na wawili.* Kina kimeharibika, mizani imeharibika. Nimelisema mara sita bila kukwama. Na mkono wa kulia umepata kazi.

FundiSpika_Nakuru
Ukirusha hiyo leso angalia waya wa maikrofoni.

Jamaa_wa_Kondele
Hayo matusi ya Kijaluo yamo kwenye shairi? Nakuja mwisho wa mwezi.