Visima vipya au mabomba mapya: mchango wangu katika mjadala wa maji ya kunywa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Suala lililo mbele yetu ni hili: fedha za maji zinapopatikana, nazo huwa chache kila mara, zianze kuchimba visima na kujenga matangi, au zianze kubadilisha mabomba chakavu yaliyolala chini ya mitaa ya mji wetu wa Wete, Pemba? Wengi waliotangulia kuchangia wameelemea upande wa visima, na hoja yao ni kwamba asiye na maji kabisa hana nafasi ya kuuliza kama maji ni salama. Mzee wetu mmoja ameongeza kuwa maji yenye shaka huchemshwa, na kwamba hakuna nyumba isiyo na jiko. Nawaheshimu wote, lakini mimi nashika upande wa mabomba, na naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Bomba lililotoboka, madhali limejaa maji yenye msukumo, hutoa maji nje. Hiyo ni hasara, lakini uchafu hauingii kwa urahisi. Hatari huja maji yanapokatika. Umeme ukizimika pampu husimama, au zamu ya mtaa ikimalizika mlango wa maji hufungwa, na kwa kuwa Wete imekaa juu ya vilima na kuteremka hadi bandarini, maji yaliyobakia mabombani hukimbilia mitaa ya chini, huku mabomba ya juu yakiachwa matupu na kuvuta ndani chochote kilichoyazunguka. Katika miji yetu kinachoyazunguka tunakijua: makaro ya vyoo yaliyochimbwa hatua chache kutoka njiani, misingi (yaani mitaro) ya maji machafu, na wakati wa masika, udongo uliolowa hadi ukashindwa kunywa zaidi. Maji yanaporudi alfajiri, mwenye kuwahi mferejini, yaani kwenye bomba la kukingia maji, ndiye anayekinga yale yaliyovutwa usiku kucha. Kwa hiyo maji yanayoletwa kwa zamu kupitia mabomba mabovu hayawezi kuwa salama hata kama kisima chake ni safi kuliko vyote Pemba.

Hapa kuna jambo ambalo sote tunalifanya au tunaliona likifanywa, na hatulisemi. Maji yakiwa dhaifu, mwenye uwezo hununua pampu ndogo akaifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili ajaze tangi lake. Pampu hiyo haiongezi maji hata tone. Inavuta ya jirani, na kila tundu lililoko baina ya nyumba mbili hizo hugeuka mdomo wa kunyonya uchafu. Simlaumu mwenye watoto ndani anayetafuta maji kwa kila njia. Ninachosema ni kwamba visima vipya havitaiondoa pampu hii, kwa sababu kinachowasukuma watu kuinunua ni msukumo mdogo wa mferejini, na msukumo huo hupotelea njiani.

Nije kwenye hoja ya wingi wa maji, ambayo ndiyo nzito zaidi. Ni kweli kwamba tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba nzima, na ile ya 2022 ikahesabu 543,441, na mabomba yaliyokuwa yakitosha zamani hayawezi kutosha leo. Lakini tuhesabu pia kinachovuja. Tundu moja la upana wa milimita 3, chini ya msukumo wa tangi lililoinuliwa mita 10, hupoteza kiasi cha lita 5,000 kwa siku. Ukichukua lita 20 za mtu mmoja kwa siku, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kunywa, kupika na kunawa, tundu hilo peke yake linamwaga maji ya watu 250. Ukiongeza kisima na kuzidisha msukumo bila kuziba tundu, sehemu ya maji mapya itapita palepale, na umeme wa kuyapandisha utakuwa umelipiwa bure.

Tena sisi ni watu wa visiwani, na maji yetu baridi ya chini ya ardhi karibu na pwani yanaelea juu ya maji chumvi. Wataalamu wa maji wana kanuni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyoinuka juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake kiasi cha mita 40 za maji baridi; basi ukivuta mpaka kina kishuke mita moja tu, chumvi huweza kupanda sana kutoka chini. Kisima kilichoingia chumvi hakirudi katika hali yake kwa mwaka mmoja wala miwili. Sisemi tusichimbe kabisa. Nasema kisiwa hakina maji ya kuvuta kwa ajili ya kuyamwaga ardhini.

Kuhusu kuchemsha, namwambia mzee wetu kwa adabu kwamba ushauri wake ni sahihi kwa leo na kesho, na kila nyumba yenye shaka iufuate, maana maji yakishatokota barabara vijidudu vya kipindupindu na vya kuharisha hufa. Zanzibar inayajua maradhi haya vizuri: kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, na kile cha 2015 na 2016 wengi wetu tulikishuhudia. Lakini kuchemsha kuna gharama ya kuni, makaa au gesi kila siku, na gharama hiyo humwangukia zaidi asiye nacho. Pia moto hauondoi kila kitu. Naitreti, ile chumvi ya uchafu iliyoyeyuka majini inayotoka makaroni, haipungui kwa kuchemshwa. Maji yakipungua sufuriani, naitreti hiyo huzidi ukali. Na mtoto wa skuli anayekinga maji kwa kiganja mferejini wakati wa mapumziko hana jiko mkononi.

Ndugu mwingine ameandika kuwa maji hupimwa na majibu huwa mazuri, basi hofu hii ni ya nini. Namuuliza: hupimwa wapi? Maji yakitiwa klorini, dawa ya kuulia vijidudu, penye tangi yanaweza kuwa salama kabisa hapo, kisha klorini hiyo ikaliwa na kutu na utando wa ndani ya mabomba ya zamani, hadi mferejini ikawa haikubakia. Shirika la Afya Duniani linataka ibakie angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapokinga maji, na katika mililita 100 kusionekane kabisa vijidudu vinavyoashiria kinyesi. Mji wa Flint, Marekani, ulibadilisha chanzo chake cha maji Aprili 2014 bila kuyatibu yasile mabomba, na madini ya risasi yenye sumu yaliyokuwamo mabombani yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Haidhuru mabomba yetu yawe ya aina gani; maji yanapaswa kupimwa mwisho wa bomba, hasa katika nyumba za mbali na baada ya maji kukatika, na majibu yabandikwe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ambapo kila mtu atayasoma.

Limebaki suala la malipo, ambalo limewakasirisha wengi. Baada ya Mapinduzi tulizoea maji ya bure, na tangu Sheria ya Maji namba 4 ya 2006 ilipoanzisha Mamlaka ya Maji Zanzibar tumeambiwa tuchangie. Mchangiaji mmoja ametukumbusha Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Ni Hadithi tukufu, nami naikubali. Lakini kisima cha Ruma pale Madina kilinunuliwa kwa fedha za Sayyidna Uthman ndipo watu wakanywa bure, kwa hiyo hata maji ya wote yana mtu aliyeyagharimia. Ninachokataa mimi ni kulipishwa bei moja katika mtaa wa maji ya kila siku na mtaa wa maji ya siku mbili kwa wiki. Alipe zaidi mwenye mita inayozunguka, na asilipe mwenye mfereji mkavu.

Pendekezo langu ni kwamba kazi ianze usiku. Baina ya saa nane na saa kumi za usiku watu wamelala, na maji yanayopita kwenye mita ya mtaa wakati huo ni yale yanayovuja na yanayojaza matangi machache. Mtaa unaoonyesha upotevu mkubwa ndio utangulie kubadilishiwa mabomba, na ndani yake zitangulie sehemu zinazopita karibu na makaro na misingi. Hilo halihitaji kufukua mji mzima kwa mara moja, wala kungojea mkopo mkubwa.

Mahali ambapo bado natafuta jibu kwenu ni kile kipande kidogo kutoka bomba la mtaa hadi mlangoni mwa nyumba. Wengine wanasema ni mali ya mwenye nyumba na akibadilishe mwenyewe. Mimi naona kibadilishwe pamoja na bomba kubwa na gharama igawanywe kidogo kidogo kwenye bili, kwa sababu kikiachwa kibovu kinachafua maji ya waliopakana nacho, ambao hawana haki ya kukigusa. Mwenye kuona kinyume atueleze jirani huyo afanye nini.