MX-5, GR86 au Golf GTI? Naombeni ushauri

Gia6: Wakuu habari zenu. Nipo mbioni kuvuta chuma. Nimebakiza Mazda MX-5, Toyota GR86 na Volkswagen Golf GTI. Nataka gari lenye raha barabarani. Nichukue lipi?

Spana13: Mkuu, mbona umeficha nusu ya habari? Una familia? Ni gari la kwanza au la pili?

KonaKali: Chukua MX-5, maswali baadaye. Jepesi, linasukumwa na matairi ya nyuma. Lipo tangu 1989 na lilishafika magari milioni moja mwaka 2016. Nani kasema gari la siti mbili haliuzi?

Spana13: Miaka 27 hiyo! Corolla hufikisha milioni ndani ya mwaka mmoja. Wengi wana gari moja tu, nalo libebe kila kitu. Ford waliliona mapema: Thunderbird ya 1955 ilikuwa na siti mbili, 1958 wakaipa nne na mauzo yakapanda.

MamaPacha: Mimi nimeishi na la milango miwili, kampuni siitaji. Kila asubuhi unalaza siti ya mbele, unainama, unamwingiza mtoto, unatafuta mkanda kwa kupapasa, unatoka kinyumenyume, unazunguka upande wa pili kwa pacha wake. Ukiegesha katikati ya magari, ile milango mirefu haifunguki vya kutosha, inabidi ulitoe kwanza ndiyo wapande, huku mtu nyuma anakupigia honi. Kishikio cha kulazia siti kikakatika, fundi akasema hakiuzwi peke yake, ninunue siti nzima! Nikaamua kuliuza. Wateja walijaa: wanalipiga picha, wanafungua buti, wanaaga.

KonaKali: Watoto wanakua, dada. GR86 nayo ni ya milango miwili, ila ukilaza siti za nyuma unaingiza matairi manne.

MzeeDizeli: Matairi sawa, na mama mkwe je? Cayenne, SUV ya familia ya Porsche, ilipotoka 2002 mashabiki wa Porsche walinuna. Leo Cayenne na mdogo wake Macan, kila moja linauza kuliko 911, lile gari lao la spoti.

KonaKali: Cayenne ni basi lenye nembo, mzee wangu.

MzeeDizeli: Basi hilo ndilo linailipia 911 yako mafuta.

Spana13: Jamani, mada ni MX-5. Mwenye mada kaingia mitini?

Gia6: Nipo wakuu, nasoma. Nina mke na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani. Gari litakuwa hilo hilo moja. Ila moyo uko kwenye MX-5.

MamaPacha: Wa pili njiani, na hilo ulikuwa unatuficha?! GTI ya milango mitano, kwisha kazi.

KonaKali: GTI inavutwa na matairi ya mbele. Raha iko wapi hapo?

Spana13: Tangu 1976 watu wanaipata hiyo raha, wewe tu ndiye hujaiona.

KonaKali: Ngoja nikuelezee kwenye kona inavyokuwa…

MzeeDizeli: Gia6, mkeo umemwonyesha hizo siti mbili?