Pombe huzifikiaje jeni za ubongo?

Muulizaji: Ndugu zangu, ikiwa ini ndilo linalovunja pombe, inakuwaje kinywaji hicho kibadilishe utendaji wa jeni katika ubongo?

Mchangiaji wa kwanza: Ini huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, kisha asetati, ambayo husafiri katika damu hadi ubongoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba ACSS2, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini), huitumia asetati hiyo kubandika vikundi vya asetili, yaani vipande vidogo vya kemikali, kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA imezizunguka, na hivyo kuamsha jeni zinazohusika na kujifunza na kumbukumbu. Panya waliopunguziwa kimeng'enya hicho hawakuvutiwa na mahali walipopewa pombe. Naliona hili kuwa zito kuliko yote, kwa sababu linasaidia kueleza hamu inayomrudia mtu aliyeacha kunywa anapopita karibu na baa aliyoizoea.

Muulizaji: Je, DNA yenyewe hubadilika?

Mchangiaji wa pili: Katika njia hii mfuatano wake haubadiliki, kinachobadilika ni kiwango cha jeni kusomwa. Tuwaangalie zaidi wajawazito, kwani katika utafiti huohuo asetati iliyotokana na pombe aliyopewa panya mwenye mimba ilifika hadi kwenye ubongo wa vijusi.