Ushauri: Safari ya lori siku 20, Livingstone hadi Cape Town. Nina miaka 56 na goti linasumbua

MamaTukuyu

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi, nimestaafu kwa hiari mwaka huu baada ya miaka 31 ya wodini, mingi ikiwa zamu za usiku. Tangu nikiwa chuoni natamani kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls) na lile jangwa la Namibia lenye matuta ya mchanga mwekundu. Kila mwaka kulikuwa na ada ya mtu, bati la mtu, msiba wa mtu. Sasa kiinua mgongo kimetoka, nyumba imekwisha na watoto wamemaliza shule.

Nimepata kampuni inayosafirisha watalii kwa lori. Unapandia Livingstone, mnapita Botswana na Namibia, mnateremkia Cape Town. Siku 20, mnalala kwenye mahema na kupika njiani. Kiti ni dola 1,900. Kufika Livingstone na kurudi nyumbani ni juu yangu. Nataka kwenda mwezi wa saba.

Mwanangu wa kwanza anasema hela hiyo ningenunua ng'ombe wa maziwa. Wa mwisho anasema, mama nenda. Naomba ushauri kwa aliyewahi kupanda haya magari mwenyewe. Yanayonitia wasiwasi ni goti la kulia (limesagika, natembea vizuri ila kuchuchumaa ni shida), kulala hema moja na mtu nisiyemjua, na kuwa mtu mzima, pengine Mwafrika peke yangu, katikati ya vijana wa Kizungu. Kiingereza changu ni cha hospitali.

Kijana_wa_Ilala

Shikamoo mama. Kwa nini usipande mabasi mwenyewe? Lusaka, Livingstone, Windhoek, Cape Town, kote kuna basi. Utatumia nusu ya hela hiyo.

MpishiWaBarabara

Shikamoo mama. Nimepika kwenye hayo malori miaka tisa, Nairobi hadi Cape Town na kurudi, kwa hiyo nikujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza nimjibu kijana hapo juu. Basi litakufikisha Windhoek, sawa. Lakini basi haliingii hifadhi ya wanyama ya Etosha, wala halikufikishi Sesriem, kwenye lango la matuta ya mchanga mwekundu, alfajiri geti linapofunguliwa. Vitu anavyotaka mama kuviona viko mbali na barabara ya mabasi, na ukikodi gari peke yako utalia. Unaponunua kiti kwenye lori unagawana gari, dereva na mpishi na wenzako ishirini.

Sasa goti. Lori lenyewe ni Scania au MAN, bodi ya mizigo imetolewa ikajengwa sehemu ya abiria. Sakafu iko juu ya matairi, unapanda vipandio vinne au vitano, na cha chini kabisa kiko juu. Siku ya safari ndefu utapanda na kushuka mara nane, mara kumi. Hiyo utaiweza: shuka kinyumenyume huku umeshika vyuma pande zote mbili, mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Wewe muuguzi unalijua hilo kuliko mimi.

Kitakachokutesa ni mlango wa hema, na hili watu hawaambiwi. Hema zetu ni za turubai zito, za watu wawili, imara kabisa, lakini mlango ni mfupi. Unaingia kwa magoti na kutoka kwa magoti, na usiku wa manane ukibanwa na haja unatoka hivyohivyo gizani. Nimeona watu wenye afya wanalalamika siku ya tatu. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Nunua kipande cha sponji nene, kiasi cha mto mdogo, ukiweke mlangoni kila jioni. Halafu waandikie kampuni uwaulize ni kambi zipi zina vyumba vya kuongezea hela. Nyingi za Namibia na Botswana zinavyo, na ukilala kitandani usiku mmoja kila baada ya siku nne, goti linapumzika.

Kazi za kambini ni za zamu. Leo kundi lako linakata mboga, kesho linaosha vyombo, keshokutwa linafagia gari. Vyombo vinapita mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuza na la dawa, halafu hakuna kitambaa: unashika sahani mbili mkononi unazipepea hewani mpaka zikauke, kwa sababu kitambaa kimoja chenye uchafu kinaweza kuharisha gari zima. Jioni utaona watu ishirini wamesimama duara wanapepea sahani, na hapo ndipo wanapoanza kuzungumza. Nimeshuhudia urafiki mwingi ukizaliwa kwenye yale mabeseni kuliko ndani ya gari. Mwambie kiongozi siku ya kwanza kwamba huchuchumai. Atakupa kazi ya mezani.

SyokimauGirl

Mama, mimi niko Nairobi, nilifanya safari hiyo 2023 lakini kutoka Cape Town kuja Victoria Falls. Nilikuwa Mwafrika pekee kati ya abiria. Nitakuambia ukweli: siku mbili za kwanza nilijihisi mgeni sana. Kwenye mpaka mmoja ofisa alinitoa kwenye foleni ya abiria akaniambia nisimame na dereva na mpishi, akidhani mimi ni mfanyakazi. Nilikasirika, nikamwonyesha jina langu kwenye orodha ya abiria. Kiongozi wetu alinitetea vizuri na ikaisha. Weka nakala ya risiti yako karibu na pasi, itakusaidia.

Lakini kuanzia siku ya tatu mambo yalibadilika. Pale Botswana na Zambia watu wa sokoni walikuwa wanazungumza nami kwanza, wengine wananipa bei ya kwao, na wenzangu wakawa wananiomba niwasindikize. Kuhusu Kiingereza, nusu ya kundi letu walikuwa Wajerumani na Wakorea, wao pia wanatafuta maneno. Usiogope.

Hema nililala na mwalimu kutoka Uholanzi. Kampuni inapanga wanawake na wanawake. Ukitaka kulala peke yako unalipa nyongeza, na mimi ningekushauri uilipe, kwa sababu ya dawa zako, goti, na kuamka usiku.

Na tafadhali beba leso mbili, yaani khanga. Kuna siku Namibia mnasafiri saa nzima hakuna mti hata mmoja, hakuna kichaka, nchi ni tambarare mpaka upeo wa macho. Gari likisimama, wanaume wanaenda mbele, wanawake nyuma. Sisi tulikuwa tunashika leso zangu kama ukuta, mmoja baada ya mwingine. Mpaka tunafika, gari zima lilikuwa linaziulizia leso zangu.

MamaTukuyu

Mungu awabariki. Hilo la kuchimba dawa sehemu isiyo na kichaka halikunijia kabisa. Khanga ninazo sanduku zima.

Nimeandika barua pepe kuuliza habari za vyumba. Mpishi, naweza kubeba chakula kidogo cha nyumbani? Nilifikiria mchele wa Kyela, dagaa na majani ya chai.

MpishiWaBarabara

Mchele acha mama, utabanana na begi, na kampuni itakulisha wali. Chai ya Rungwe beba pakiti iliyofungwa, utaifurahia asubuhi za baridi. Nyama na maziwa usithubutu, na dagaa waache nyumbani pia ili usibishane na mtu mpakani.

Botswana ina uzio wa nyaya za mifugo nchi nzima kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo, maana wanauza nyama ya ng'ombe Ulaya. Ukitoka mji wa Maun kushuka kusini kuna geti. Askari anapanda garini, anafungua deli na friji, nyama mbichi inabaki pale. Kisha wote mnashuka, mnakanyaga kitambara kilicholowekwa dawa, na viatu vyenu vingine vinatolewa kwenye mabegi navyo vikanyagishwe. Mara yangu ya kwanza sikujua, nilipoteza nyama ya siku tatu ya watu ishirini na wawili. Tangu siku hiyo nyama yote naimaliza jikoni Maun.

Dereva_Tunduma

Shikamoo mama yangu. Mimi napeleka mizigo Zambia, nakujulisha kipande chako cha kwanza tu.

Kutoka Tukuyu njoo Mbeya, lala, asubuhi uingie Tunduma. Mpaka ni wa pamoja, Tunduma na Nakonde, ukiwa na pasi na kadi ya chanjo huchukui muda. Nakonde hadi Lusaka ni zaidi ya km 1,000, na barabara ina vipande vimechoka. Usiunganishe moja kwa moja mpaka Livingstone. Lala Lusaka usiku mzima, kesho yake panda basi la asubuhi, km 470 na kitu, unafika alasiri. Fika Livingstone siku mbili kabla ya lori kuondoka. Goti lililokaa kwenye basi siku mbili linavimba, na lori haliwezi kukusubiri.

Treni ya TAZARA inapita Mbeya kwenda New Kapiri Mposhi, ni nzuri, ila kwa mtu mwenye tarehe ya kuwahi simshauri.

Mtakapovuka kwenda Botswana, mtapita daraja la Kazungula. Limefunguliwa 2021, mita 923, limepinda katikati ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Kabla yake tulikuwa tunasubiri kivuko, wakati mwingine wiki. Mimi kila nikipita hapo namshukuru Mungu.

Mswahili_Windhoek

Mama karibu huku. Naishi Windhoek mwaka wa kumi sasa.

Mwezi wa saba ni mzuri kuliko unavyodhani. Maporomoko bado yana maji mengi. Ungekuja mwezi wa kumi au wa kumi na moja upande wa Zambia ungekuta mwamba mtupu sehemu kubwa. Delta ya mto Okavango, kule Botswana, nako ndipo maji yamejaa, ingawa huoni tone la mvua: mvua imenyesha Angola mwanzoni mwa mwaka na maji yanatembea polepole miezi kadhaa mpaka Maun. Mtapanda mtumbwi unaosukumwa kwa pondo, mnakaa chini kabisa, miguu imenyooshwa mbele. Hapo goti lako halina kesi. Etosha ni kiangazi, wanyama wote wanafuata visima. Kambi ya Okaukuejo ina kisima chenye taa usiku kucha. Unakaa kwenye benchi, kuna ukuta mfupi mbele yako, na faru weusi wanakuja kunywa. Kaa kimya, jifunge blanketi, usiwahi kulala. Mimi nimekaa pale mpaka saa tisa usiku.

Ila baridi, mama. Wewe wa Tukuyu unaijua baridi ya mvua, hii ni kavu na kali. Mchana unavaa fulana, alfajiri maji kwenye beseni yanaweza kuwa na utando wa barafu. Mfuko wa kulalia uwe mzito, usichukue wa bei rahisi. Kofia ya sufu na soksi za kulalia. Swakopmund kuna ukungu wa bahari, na Cape Town mwezi wa saba ni mvua na upepo.

Kule Sossusvlei, kwenye matuta mekundu, usijilazimishe kupanda tuta refu na wale vijana. Tembea taratibu hadi Deadvlei, sakafu ni nyeupe, miti imekufa mamia ya miaka na bado imesimama. Ukifika, kaa chini ya kivuli cha mti mmoja. Ndiyo picha uliyoiona chuoni, nina hakika.

Hela: dola ya Namibia na randi zina thamani moja, na randi inapokelewa Namibia, ila dola ya Namibia haipokelewi Afrika Kusini. Maliza zote kabla ya kuvuka mto Orange. Pasi yetu haihitaji viza Zambia, Botswana, Namibia wala Afrika Kusini kwa matembezi. Hakikisha ina kurasa tupu za kutosha.

MhasibuMstaafu

Dada, hongera kwa utumishi. Nimestaafu nami, naongea kama mwenzako.

Dola 1,900 si bei ya safari. Ongeza bima ya matibabu (watakudai kabla ya kupanda), nyongeza ya hema, vyumba, chakula cha siku za mjini, michezo ya hiari, bahshishi ya dereva na mpishi, na tiketi ya ndege kutoka Cape Town. Mimi ningeweka mara mbili ya bei ya kiti. Kama kiasi hicho kikitoka na bado unabaki na akiba ya mwaka mzima bila kumwomba mtoto, nenda. Kama hakibaki, subiri mwaka mmoja. Waombe wakuandikie ni siku ngapi chakula kiko ndani ya bei na kiingilio cha hifadhi zipi kimelipwa.

MamaTukuyu

Nimepiga hesabu ya Mhasibu usiku wa jana na daftari langu. Inatosha, na akiba inabaki. Ng'ombe nitamnunua mmoja badala ya wawili, nimeshamwambia mwanangu.

Kampuni imejibu. Vyumba vinapatikana kambi sita, nimeandika zote, na nyongeza ya hema langu mwenyewe nimeikubali.

Jana jioni nilikwenda kwa jirani mwenye Fuso. Nilimwomba afungue mlango wa kebini, nikapanda na kushuka mara kumi, kinyumenyume kama alivyosema Mpishi, mke wake akinihesabia. Mara ya nane goti lilianza kuwaka. Nikapumzika, nikamalizia mbili zilizobaki. Leo asubuhi halijavimba. Nitarudia kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mwezi wa saba.

MpishiWaBarabara

Safi sana mama. Siku ya kwanza wahi garini, chagua kiti cha katikati, upande wa njia, ili mguu wa kulia upate pa kunyooka. Viti vya nyuma ya ekseli ukiingia barabara ya kokoto Namibia vinakurusha hadi kichwa kinagonga dari. Na ile sponji ifunge kamba, uitundike kwenye begi lako dogo. Ikiingia kwenye begi kubwa, begi linafungiwa chini ya gari mchana kutwa.

MamaTukuyu

Upande wa njia, katikati, mguu wa kulia nje. Kwa hiyo nikae safu ya kushoto. Nimeandika.