Kamera ya kiwandani inafyatua muda inaotaka yenyewe, na aliyetuuzia anatulaumu sisi

Wakuu, habari za jioni. Nimevumilia miezi mitano, leo nimefika mwisho. Nimetoka shifti sasa hivi, vumbi la kabati la umeme bado liko mikononi, na nitaeleza yote niliyoyaona ili mwenzangu yeyote anayetaka kununua mfumo kama huu afungue macho kabla hajasaini.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha maji ya chupa, mkoa wa Pwani. Jina la kiwanda naliacha, la muuzaji pia, maana shauri bado liko mezani. Laini yetu inatoa chupa 18,000 kwa saa, yaani chupa 5 kila sekunde, na mkanda unakwenda nusu mita kwa sekunde. Baada ya mashine ya kufunga vizibo tulifungiwa kamera: sensa inaiona chupa, kamera inapiga picha ya shingo, programu inaangalia kama kizibo kimekaa sawa, halafu pua ya upepo inaipuliza nje ile mbovu. Bei ilikuwa ya kuuma. Kwenye karatasi yao iliandikwa kwa herufi nene: FREMU 60 KWA SEKUNDE, yaani picha 60 kila sekunde. Bosi akapiga hesabu, sisi tuna chupa 5, kamera inaweza 60, basi inatosha na kubaki. Nami nikakubali.

Wiki ya kwanza tu kasheshe ikaanza. Picha moja chupa iko katikati, inayofuata imesogea kushoto, ya tatu kizibo kimekatwa nusu ukingoni mwa picha. Programu ikiona nusu ya kizibo inaandika "hakuna kizibo", upepo unapuliza, chupa nzima inaangukia kwenye kreti ya taka. Kuna shifti tumetupa chupa nzima nyingi kuliko mbovu. Na zile zilizopinda kweli, nyingine zinapita zinaenda sokoni.

Wakapewa kazi akina mama wa meza ya kupakia: kagueni kwa macho, chupa kwa chupa, huku mkanda unakimbia. Halafu haohao wanasemwa hawako makini. Mama mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, amesainishwa barua ya onyo kwa sababu duka limerudisha katoni yenye vizibo vilivyopinda. Barua ya onyo! Mashine ya mamilioni iko hatua nne kutoka anapokaa, imefungwa pale kwa kazi hiyohiyo, inashindwa, na anayeandikiwa barua ni yeye. Hili linaniuma kuliko fedha.

Ukimpigia muuzaji, kila wiki ana jibu jipya. "Kaka, huo ni mtetemo wa mkanda wenu." Tukakaza kila kitu. "Sensa yenu ina uchafu." Tukanunua mpya. "Itakuwa kebo ya mtandao." Tukabadilisha. "Umeme wenu haujatulia." Yaani kitu chochote kikimshinda mtu hapa nchini, anasingiziwa TANESCO! Mwishowe kijana wao akaja, akafungua kompyuta, akatuonyesha orodha ya mafaili. "Mnaona? Picha zote zimeingia, hakuna iliyopotea, muda umepangana vizuri." Akanywa soda, akaondoka.

Ule muda aliotuonyesha ni muda wa faili kuandikwa kwenye diski. Haukuambii kamera ilianza saa ngapi kupokea mwanga, na chupa inayotembea haisubiri diski. Kamera hii ya kebo ya mtandao ina saa yake ndani, na kila picha inatoka na muda wa saa hiyo. Programu yao inautupa, inabaki na muda wa kompyuta. Halafu muda huohuo ndio wanautumia kama ushahidi dhidi yetu.

Nikaamua kupima mwenyewe. Jumapili laini imesimama, nikaazima futi ya fundi cherehani pale getini, nikaibandika kwenye reli ya pembeni, nyuma ya chupa, ionekane ndani ya picha. Nikawasha mkanda kwa mwendo wake wa kazi na kupitisha chupa moja, ileile, mara 40. Kila picha nikasoma ukingo wa mbele wa kizibo umeangukia alama gani ya futi. Kama kamera ingefyatua muda uleule tangu sensa ilipoiona chupa, namba ingekuwa moja mara zote 40. Ukingo umesoma kuanzia milimita 112 hadi 128.

Milimita 16, wakuu. Kwa mwendo wa mkanda wetu kila milisekunde moja ni nusu milimita, kwa hiyo hizo ni milisekunde 32 za kuyumba. Na kizibo chetu chote, upande hadi upande, ni milimita 28.

Hapo nikaanza kufuata waya. Sensa haiendi kwenye kamera kabisa! Inaenda kwenye PLC, ile kompyuta ndogo ya kabatini inayoendesha mashine za laini. PLC yetu inazungusha programu yake kila milisekunde 10, kwa hiyo ishara ikifika pale inapokuwa imeshasoma ishara zinazoingia, inangoja mzunguko mzima unaofuata. Kutoka hapo ujumbe unapita kwenye swichi ya mtandao kwenda kwenye kompyuta. Na kompyuta haiiambii kamera "piga". Kamera inajipigia mfululizo, fremu 60 kwa sekunde, na programu inadaka tu fremu itakayofuata. Fremu moja kila milisekunde 16.7. Chupa ikiwahi, sawa, ikichelewa kidogo inasubiri fremu nyingine. Jumlisha 10 na 16.7, unakaribia 27. Zilizobaki ni za kompyuta yenyewe, ya kawaida kama ya ofisini, ambayo muda wowote inaweza kuiacha kazi yako ikashughulikie kinga ya virusi. Hesabu imekaa palepale futi iliposema.

Kwa hiyo ile 60 waliyoiandika kwa herufi nene haikuwa jibu la swali letu. Ni kama kuambiwa daladala 60 zinapita kituoni kwa saa. Sawa, lakini mimi nataka kujua ile ya kwangu itasimama saa ngapi.

Sasa sikilizeni kinachotia hasira. Nyuma ya kamera kuna tundu la pili, la duara, lenye kifuniko cha plastiki ambacho hakijawahi kuguswa tangu itoke kwenye boksi. Nimesoma kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji. Hilo ndilo tundu la triga. Unaingiza waya wa ishara ya volti 24 kutoka kwenye sensa, na kamera inafyatua yenyewe bila kumuuliza mtu. Hata ile optokapla ya ndani inayotenganisha umeme ina ucheleweshaji wake, lakini ni wa maikrosekunde makumi kadhaa, na kwa mkanda wangu hizo hazifikii hata sehemu ya kumi ya milimita. Kitu chote tunachokililia miezi mitano kilikuwa waya mmoja, nao hawakuufunga.

Jumapili iliyofuata nikaufunga. Nikaweka kamera kwenye hali ya kungoja triga, nikazima ile ya kujirekebishia mwanga yenyewe (maana jioni ilikuwa inaacha shata wazi muda mrefu hadi picha inakuwa ukungu), nikafunga muda wa mwanga kwenye maikrosekunde 200, taa nikaisogeza karibu. Chupa ileile, futi ileile, mara 40. Sikuona tofauti ya milimita hata moja. Nilikaa pale peke yangu natazama zile picha zinavyofanana, nikamkumbuka yule mama na barua yake.

Jumatatu asubuhi laini imewashwa, kila kitu kimerudi kama zamani. Nilikuwa nimehifadhi mipangilio ndani ya kumbukumbu ya kamera, lakini programu yao kila ikiwaka inaandika mipangilio yake juu ya yangu: triga imezimwa, kamera inajipigia. Na programu ikishaikamata kamera, hakuna programu nyingine inayoruhusiwa kubadilisha kitu. Ukurasa wa mipangilio una neno la siri.

Nikawaomba neno la siri. Wakajibu kwamba triga ya waya ni "huduma ya ziada", tulipie leseni na safari ya fundi. Nikawatumia picha za futi, zote 80. Wakauliza kitu kimoja tu: nani kagusa tundu la nyuma? Nikasema mimi. Wakasema basi dhamana imekufa.

Dhamana! Mmefunga kamera bila waya wake, mmetuzungusha miezi mitano mkijua au bila kujua, na sijui kipi ni kibaya zaidi, halafu fundi akichomeka waya kwenye tundu ambalo mtengenezaji mwenyewe ameliweka kwa kazi hiyo, dhamana imekufa?

Kwa mnaotaka kununua: mtu akija na idadi ya fremu, mwambieni akuonyesheni sensa inaingia wapi. Mkaufuate ule waya kwa mkono. Ukiishia kwenye kompyuta, na mkanda wenu unakimbia, msisaini. Na mdai neno la siri la mipangilio siku ya kukabidhiwa, kwa maandishi, pesa ya mwisho ikiwa bado mfukoni mwenu. Sisi tulishalipa yote.

Aliyewahi kubanwa na programu inayofuta mipangilio ya kamera kila asubuhi, naomba aniambie alitokaje. Nimefikiria kuitupa programu yao nitafute nyingine, lakini bosi akisikia gharama mpya hatanielewa.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Wamenitumia ujumbe WhatsApp. Wanakuja Alhamisi, kwa sharti kwamba nitoe waya wangu kabla hawajafika. Nimewajibu kwamba waya hautoki, waje na neno la siri. Kesho asubuhi naprinti zile picha 80, arobaini za kabla na arobaini za baada, nazipeleka kwa afisa utumishi. Barua ya yule mama itoke kwenye faili lake kwanza, mengine tutayazungumza Alhamisi.